Twiga Hadaiwi

Sabato moja mwaka jana, katika kanisa dogo lililo juu kidogo ya Kebirigo, mzee wa kanisa aliamua kuwafundisha watoto ile hadithi ya Yesu na swali la ushuru. Unaijua: wanamletea mtego, anaomba aonyeshwe dinari, anauliza sura iliyochorwa pale ni ya nani, wanajibu ni ya Kaisari, na mtego unawanasa wenyewe. Mzee alikuwa amejipanga. Akatoa shilingi mfukoni, akaita msichana wa kama miaka sita mbele, akamshikisha, akamuuliza sura anayoiona ni ya nani.

Mtoto akaichunguza. Akaigeuza, akairudisha. Kisha akasema kwa nguvu, "Twiga!"

Kanisa lilicheka mpaka maiki ikapiga kelele. Mzee hakukubali kushindwa. "Na twiga ni wa nani?" Watoto wote kwa pamoja: "Wa Mungu!" Hapo somo likafa kabisa, maana kama shilingi ni ya twiga na twiga ni wa Mungu, Kaisari amebaki na nini? Mtu wa kiti cha nyuma akasema serikali isikie hayo.

Nilicheka kama wengine. Lakini tukirudi nyumbani, nyanya yangu akiwa mbele na mwavuli wake, niliona yule mtoto amefanya kitu ambacho hakuna aliyekifanya tangu sarafu mpya zitoke: alizitazama. Sisi wengine tunazihesabu tu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimezibeba miaka yote hiyo bila kujiuliza zinasema nini. Kwa hivyo hii ni makala ya uhakiki, na kitabu ninachokihakiki kinauzwa bob moja.

Tuanze na kile kilichokuwa mkononi mwa Yesu. Wataalamu wengi husema ile dinari ilikuwa ya Tiberio: kipande cha fedha kama sarafu yetu ndogo, kichwa cha mfalme upande mmoja kikiwa na taji la majani, na maandishi yanayozunguka kichwa yakimtaja kuwa mwana wa Augusto aliye mungu. Upande wa pili, mwanamke ameketi. Usisome haraka ukapita. Myahudi aliyetakiwa kulipa kodi alikuwa anashika mkononi sanamu ya mtu anayedai baba yake ni mungu. Ndiyo maana swali lilikuwa mtego. Ungempa sarafu yenye twiga, kusingekuwa na ugomvi, na kusingekuwa na hadithi.

Na Warumi hawakuanza hivyo. Dinari ilipoanza, karibu mwaka 211 KK, kichwa kilichokuwa juu yake kilikuwa cha Roma mwenyewe, mji uliochorwa kama mwanamke mwenye kofia ya chuma. Kwa karibu miaka 170 hakuna Mrumi aliye hai aliyepigwa chapa kwenye fedha za Roma. Kazi ya kusimamia sarafu walipewa vijana watatu kila mwaka, wengi wao wakianza tu safari ya siasa, nao walijaza michoro ya miungu na mababu zao: babu yangu alishinda vita fulani, babu yangu alijenga kitu fulani. Kampeni mfukoni, yaani. Aliyevunja mwiko ni Julius Caesar, mwanzoni mwa mwaka 44 KK. Uso wake mwenyewe, shingo yenye makunyanzi, pamoja na maneno ya kumtangaza dikteta wa daima. Wiki chache baadaye, tarehe 15 Machi, walimuua kwa visu.

Sasa ngoja, hapa ndipo ninapopapenda. Brutus, mmoja wa waliomuua kwa jina la uhuru, akakimbilia mashariki kutafuta jeshi. Jeshi linahitaji mshahara, mshahara unahitaji sarafu. Akapiga dinari maarufu kuliko zote: upande mmoja visu viwili, katikati yake kofia aliyovaa mtumwa siku ya kuachwa huru, na chini herufi EID MAR, yaani tarehe ile ya Machi. Picha tatu na neno moja, na ujumbe umefika hata kwa askari asiyejua kusoma: tumewaweka huru, kwa visu hivi, siku ile. Sijui bango la maandamano lililowahi kusema mengi hivyo kwa nafasi ndogo hivyo. Halafu unaigeuza. Upande wa pili kuna uso. Wa nani? Wa Brutus. Akiwa hai.

Shikilia hiyo, tutairudia.

Sarafu nilizosoma kwa makini zaidi maishani hazikuwa za Roma lakini. Zilikuwa kwenye mkebe wa Kimbo wa magokoro (ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kigusii), chini ya kitanda chake, umefungwa kwa kitambaa. Niliuona umefunguliwa mara moja tu, mwaka niliokuwa chuoni na karo imeisha. Aliniita, akautoa, akamwaga kila kitu kwenye ungo, akaniambia hiyo ni yangu, nikasome.

Hajui kusoma, magokoro. Anajua sura. Alianza kuzipanga mafungu bila kuangalia nambari: hizi za mfalme, hizi za Mzee, hizi za Nyayo. Kila fungu lilikuwa na bei yake kichwani mwake, na la mfalme ndilo lilikuwa juu, kwa sababu, alisema, hizo ni fedha kweli. Baba yake alizileta kutoka Kericho, alikochuma chai ya Wazungu miaka ya arobaini. Zilitoka kwa mwajiri zikiwa mshahara na nyingi zikarudi kwa serikali zikiwa kodi ya nyumba. Hizo kumi na moja ndizo hazikurudi.

Nilichukua moja nikaipeleka dirishani. Mfalme George wa Sita, jina lake limeandikwa kwa Kilatini, GEORGIVS, na ile V mahali pa U kama kwenye dinari. Sikutarajia kumkuta Tiberio kwenye mkebe wa Kimbo. Waingereza walikuwa wameiga mpango mzima: kichwa kinatazama upande, cheo kimezunguka, lugha ambayo hakuna mtu yeyote kati ya Kisii na Kericho aliyeiongea. Abagusii waliingizwa kwenye daftari la ufalme huo kwa bunduki, misafara ya 1905 na ya 1908, kisha wakaambiwa walipe kodi kwa pesa ambayo haikupatikana ila kwa kumfanyia Mzungu kazi. Dinari ilizunguka vivyo hivyo, kutoka kwa askari hadi kwa mtoza ushuru. Uso wa mfalme ulikuwa pale kukukumbusha njia ya kurudi.

Upande wa nyuma wa shilingi ile kuna simba amesimama mbele ya milima. Ameanza kuonekana mwaka 1921 shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanza, na akakaa pale kwa miaka yote ya ukoloni. Kando yake kwenye ungo kulikuwa na senti kumi za shaba zenye tundu katikati. Hizo hazina uso wa mtu. Zina taji, jina la mfalme, na upande wa pili pembe za ndovu zimepinda kulizunguka tundu. Moja ilikuwa ya mwaka 1936 na jina la Edward wa Nane, yule aliyekalia kiti chini ya mwaka mmoja akakiacha kwa sababu ya mwanamke. Hakuwahi hata kutawazwa, na bado jina lake lilifika hadi Nyamira na tundu katikati. Pembe mbili bila ndovu. Hesabu ya mwindaji.

Kumbuka wanyama hao: simba mbele ya mlima, pembe za ndovu.

Sasa tuje kwetu. Sarafu za kwanza za Kenya zilitoka 1966 na uso wa Jomo Kenyatta. Kuanzia 1969 zikaongezwa maandishi ya kumtaja kuwa Rais wa kwanza, kama vile kuna mtu angeweza kusahau. Moi akaingia 1978, na kufikia 1980 uso ulikuwa wake. Nyuma, nembo ya taifa. Hakuna kingine kilichobadilika ila pua. Tulirithi mpango mzima, kichwa na cheo kuzunguka, tukaweka mtu wetu kwenye nafasi ya mfalme. Nikilinganisha na sarafu ya Brutus naona aibu kidogo. Nchi iliyotoka kwenye vita vya msituni, kwenye kambi za kizuizini, haikuweka hata panga, hata jani, hata kofia kwenye sarafu yake ya kwanza. Iliweka mwenye nyumba mpya.

Halafu Kibaki. Aliingia ikulu mwisho wa 2002 kwa wimbi la kumaliza mambo ya zamani, na moja ya ahadi ilikuwa kwamba uso wake hautakuwa kwenye pesa. Desemba 2003, Kenya ikifikisha miaka arobaini ya uhuru, ikatolewa sarafu ya shilingi 40. Unaigeuza. Wa nani? Sitaki kumwonea marehemu. Sarafu za kawaida zilizofuata, za 2005, zilirudisha uso wa Kenyatta na si wake. Lakini ile ya 40 ipo, magokoro anayo moja, na kila nikiiona namwona Brutus. Unaua desturi, kisha unahitaji kulipa jeshi.

Ndipo Katiba ya 2010 ikafunga mlango. Kifungu cha 231, sehemu ya 4: noti na sarafu zaweza kubeba picha za Kenya au za jambo fulani la Kenya, lakini si sura ya mtu yeyote. Ni mojawapo ya sentensi ninazozipenda katika katiba ile. Watu waliotawaliwa na picha ukutani katika kila duka na kila ofisi ya chifu waliandika kwamba angalau mfukoni tuachwe. Ilichukua miaka minane. Desemba 2018 Uhuru Kenyatta, mtoto wa sura ya kwanza, akazindua sarafu zisizo na sura. Moja, twiga. Tano, kifaru. Kumi, simba. Ishirini, ndovu. Upande wa pili, nembo ya taifa.

Ugomvi wangu na kazi hii ni mmoja. Sarafu ya mkoloni ilikuwa na pande mbili: mfalme mbele, mnyama nyuma. Katiba ilituambia tumtoe mfalme. Tukamtoa, kisha tukachukua upande wa nyuma tukauita Kenya. Simba wa 1921 ametoka mbele ya milima yake akahamia kwenye ashu. Pembe za senti kumi zimerudishiwa ndovu wake na kuwekwa kwenye mbao. Ukiweka shilingi ya George na ile kumi mpya pamoja kwenye kiganja, huoni mwisho wa ukoloni. Unaona bwana ameondoka akaacha picha aliyokuwa anaitazama kutoka kwenye gari.

Na ni picha ya nani hasa? Nyamira haina mbuga. Ni milima ya chai na migomba, watu wamebanana, na mnyama mkubwa kuliko wote utakayemkuta njiani ni ng'ombe wa jirani. Kumwona twiga inabidi ushuke hadi Ruma, kule Homa Bay, na ulipe. Mimi kifaru sijawahi kumwona akiwa hai. Lakini sisi tunajua biashara hii vizuri. Tabaka, kule upande wa Kisii, watu huchonga mawe laini yale ya rangi ya krimu na waridi, na ukipita kwenye vibanda utaona twiga, ndovu, simba, kiboko, vimepangwa kwa ukubwa. Mchongaji huyohuyo hukuchongea pia watu waliokumbatiana, au mama aliyekaa, vitu ambavyo amevifikiria. Ila hivyo si vya haraka. Twiga ndiye wa mgeni. Hakuna mtu Tabaka anayedanganyika kwamba twiga ni picha yake mwenyewe; anajua anauza. Benki Kuu ndiyo iliyochonga twiga wa mgeni, kisha ikampa mwenyeji anunulie chumvi.

Utaniambia noti zina mengine. Ni kweli. Noti za 2019 zilipewa mada: nishati kwenye 50, kilimo kwenye 100, huduma za jamii kwenye 200, utalii kwenye 500, utawala kwenye 1,000. Utalii ulipewa noti yake na sarafu zote juu. Na noti zote, mbele, zina jengo la KICC na kando yake, mambo ya kushangaza, sanamu ya Jomo Kenyatta ameketi, ile aliyoichonga Mwingereza James Butler mwaka 1973. Okiya Omtatah alienda mahakamani kusema hiyo ni sura ya mtu. Septemba 2019 mahakama ikamkatalia. Mimi si wakili. Lakini kama msomaji wa picha nasema: mtu akiondoka mlangoni akarudi kupitia dirishani akiwa sanamu, bado yuko ndani.

Hata nembo ya taifa haina amani. Angalia ngao: jogoo ameshika shoka. Maelezo rasmi yatakuambia ni alfajiri mpya na maisha mema. Mtu yeyote aliyepiga kura kabla sijazaliwa atakuambia ni KANU. Kwa hivyo Nyayo hayuko tena kwenye kobole, ila jogoo wake angali anawika humo, na hakuna kifungu kinachomkataza.

Narudi kwenye mkebe. Tulienda na magokoro hadi kwa sonara mmoja Kisii mjini, yeye amevaa nguo za kanisani. Alitoa za mfalme moja moja kutoka kwenye kitambaa. Sonara akaweka moja kwenye mizani, akaikwaruza kidogo ukingoni, akatuambia bila ubaya kwamba hii ina karibu gramu nane na robo tu ndiyo fedha. Gramu mbili. Robo tatu ni metali za bei ndogo. Nilikuja kuthibitisha baadaye: ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo, robo, na baada ya Vita vya Pili hata hiyo robo ikaondolewa. George hakubadilika uso.

Magokoro alinyamaza. Kisha akauliza kitu ambacho sonara alidhani ni mzaha: kama mfalme alidanganya, nani analipa?

Ninapoisoma historia ya dinari sasa, swali hilo ndilo ninalolisikia. Mwaka 64 BK Nero alipunguza fedha iliyokuwa ndani. Waliofuata wakapunguza. Kufikia miaka ya 260 kilichoitwa fedha kilikuwa shaba iliyopakwa rangi ya fedha juu, ukiitumia kidogo inatoka. Lakini uso ulikuwepo kila mara, tena ukizidi kupambwa, miale ya jua kichwani. Kiswahili kinaijua hadithi hiyo kwa neno moja: fedha ni ile metali, na fedha ni pesa, hata metali ilipokwisha ndani. Shilingi ya twiga ni chuma kilichopakwa nikeli. Weka sumaku ya spika mbovu karibu uone.

Kwa hivyo magokoro na mimi tunatofautiana, na nataka kuwa mkweli kuhusu tofauti hiyo kwa sababu si ya mjinga na msomi. (Msomi gani, kwanza. Mkebe mzima, pamoja na zile za Mzee na za Nyayo ambazo bado zinatumika, ulitoa elfu mbili mia tatu na arobaini. Nililipa nauli ya kwenda kuchukua vitu vyangu hosteli.) Mimi nasema uso ulikuwa uongo, vizuri umetoka. Yeye anasema uso ulikuwa mdhamini. Kwa macho yake sarafu ni kama mtu amekukopa na kukuachia picha yake: ukitaka chako unajua nyumba ya kwenda. Nilipomwonyesha sarafu za 2018 mara ya kwanza alizigusa zote nne kwa kidole gumba, akacheka, akasema huyu twiga nikimdai nitamshika wapi.

Sina jibu la haraka. Na tazama, hata mtaani wanyama hawakushika. Watu walisema ya Mzee, ya Nyayo. Sijasikia kondakta hata mmoja akisema ongeza simba. Ni ashu, ni mbao, kama zamani. Picha ambayo haijapata jina midomoni mwa watu kwa miaka yote hii imeshindwa kazi yake, haijalishi imechorwa vizuri kiasi gani. Na imechorwa vizuri, nikubali; yule ndovu ana masikio ya kupendeza.

Midomo ya watu ilikuwa na kazi nyingine. Mwaka 2023, kodi zikiongezeka, Wakenya walimpa Rais William Ruto jina la Zakayo, yule mtoza ushuru mfupi wa Yeriko aliyepanda mti. Juni 2024 nililisikia jina hilo barabarani Kisii mjini kutoka kwa maelfu ya watu wa umri wangu: Zakayo shuka. Wengine Nairobi walirudi nyumbani ndani ya jeneza kwa sababu ya mswada ule wa fedha. Ndiyo, wa fedha. Kati ya majina yote duniani, tulichagua la mtu aliyekusanya sarafu za Roma. Katiba iliondoa sura kwenye pesa kwa sababu nzuri, na siku tulipohitaji kujua tumdai nani, tukairudisha wenyewe kwa mdomo.

Je, kulikuwa na njia nyingine? Pwani yetu ilikuwa nayo miaka karibu elfu iliyopita, na ndiyo inayonifanya nisiwasamehe wabunifu wa 2018. Mwaka 1984 Mtambwe Mkuu, Pemba, zilifukuliwa sarafu zaidi ya 2,000 za fedha za karne ya 11, nyingi zikiwa za watawala wa hapa hapa, ndogo kuliko kucha ya kidole gumba. Kilwa nao walipiga zao, za shaba, kwa karne kadhaa. Hazina uso. Hazina mnyama. Zina maneno kwa Kiarabu, upande mmoja mtawala anatajwa, upande wa pili anasema tegemeo lake ni Mungu, na mwisho wa upande wa kwanza una kina kimoja na mwisho wa upande wa pili. Huwezi kukamilisha kina bila kuigeuza sarafu. Waziri wa fedha gani leo angekubali bajeti ya vina? Bado mtawala anajisifu, sikatai, jina lake lipo. Lakini amejisifu kwa maneno, na maneno yanaweza kurudishwa kwake: ulisema unategemea nani?

Kifungu cha 231 hakikatazi neno. Nchi yenye methali katika kila lugha, yenye mashairi ya kutosha kufunika kila kobole, ilikuwa na nafasi ya kuandika kitu kwenye chuma ambacho mtoto wa miaka sita angekisoma kanisani na mzee akakosa la kusema. Neno pekee la maana lililobaki liko kwenye utepe wa nembo, Harambee, na kulisoma unahitaji miwani.

Siku ile ya somo lililokufa, sahani ya sadaka ilipita baada ya wimbo. Magokoro alifungua kitambaa chake kama kawaida. Nilimwangalia vidole. Alipapasa sarafu moja moja bila kuitazama, akitenga. Twiga, sahani. Twiga, sahani. Ndovu, akasita, sahani. Akafika kwenye moja ya zamani, kidole gumba kikapita juu ya ndevu za Mzee, kikarudi tena, na hiyo akaifunga kwenye kona ya kitambaa akaweka fundo.